Zamu ya Maji

Alfajiri ya Mabela, kiyoyozi kinakohoa,
nami naanza kazi ya kufungua ngumi.
Kidole cha shahada kwanza, mkaidi huyo,
kisha cha kati, kisha gumba
linalolia kho! kama mlango wa stoo.
Miguu naishusha mmoja mmoja
kama mtu anayeshusha mayai garini.
Hatua kumi za mwanzo si zangu,
ni za bibi yangu, aliyekufa na miaka tisini.
Mimi nina hamsini na tatu.

Wageni huja na tende na dua:
"Ghaniya, si umeshapona? Shukuru!"
Nashukuru. Kwa titi lililobaki
na kwa lile lililokwenda.
Lakini shukrani hailainishi goti.
Nikisema naumwa wananitazama
kama mtu aliyerudishiwa mkoba uliopotea
akaanza kuhesabu chenji.

Baba mkwe, Rustaq, alikuwa na zamu yake ya falaji.
Mwaka ule mti wa miiba ulipovamia shamba
hakuukata. Aliziba mfereji
kwa jiwe na matambara, ufe kiu.
Ukafa.
Na midimu mitatu iliyosimama kando yake,
haina kosa, haikuulizwa,
ikakunja majani.

Kwa hiyo daktari aliponichorea karatasini
homoni na mishale yake,
mimi nilikuwa nimeshafika Rustaq.
Kidonge ndicho jiwe. Kimoja kila usiku baada ya isha,
miaka mitano.
Vidole vyangu ndiyo midimu.

"Ni dawa inayouma, mama, si maradhi yamerudi,"
alisema nesi Bindu kwa Kiarabu chake cha Kerala,
akinikanda kifundo. "Tembea."
Nitembee wapi, Julai hii,
lami inanata kwenye soli?
Basi saa mbili asubuhi, maduka hayajafunguliwa,
utatukuta kwenye moli, mabuibui na raba,
tunazunguka.
Sanamu za madirishani zinatutazama,
viungo vyao vya plastiki, haviumi.
Muzna wa Barka alikatwa la kulia, mimi la kushoto.
"Tukipangana vizuri," anasema,
"tunapata kifua kizima."
Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kulikoni.

Sasa hili sijamwambia mtu, hata Muzna.
Mwezi wa Shaabani niliacha kidonge.
Siku kumi na moja.
Nilikitia kila usiku kwenye kopo la iliki
na mume wangu Nasor akiniuliza nasema nimemeza.
Siku ya sita gumba likanyamaza.
Siku ya nane nikatoa kofia ya mjukuu,
ile niliyoianza kabla ya kuugua,
nikashona vitundu, vidogo, vya duara,
sindano inaingia na kutoka kama ulimi unaojua sala.
Nikamaliza upande mzima.
Nikajiona mimi.

Usiku wa kumi na moja nikaamka
kifua kikiwa na ukimya nisioupenda.
Nikasikia maji.
Maji tu, yanapita mahali, gizani,
yanatafuta mzizi.
Nikaenda jikoni pekupeku,
nikafungua kopo, nikameza kidonge
kinachonuka iliki.

Gumba limerudi kulia. Magoti pia.
Kofia naendelea nayo, vitundu vitatu kwa siku,
vinne nikiwa nimeoga maji ya moto kwanza.
Upande huu umekwenda mshazari, vitundu vimepanuka,
kingine kama jicho la mtu aliyelala vibaya.
Azzan ataivaa Idi. Hajui pande.
Mimi nitajua, kila akigeuza kichwa,
lipi nilishona nikiwa sina maumivu
na lipi nilishona nikiwa nataka kuishi.

Bado miaka mitatu na miezi minne.
Adhana inakaribia.
Nimefungulia bomba, naweka kiganja chini yake.
Bado baridi.
Nasubiri.